Kamera Moja kwa Ajili ya Kibaigwa: Je, Habari za Video za Wilayani Zinaweza Kujilipa?

Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, Bunge la bajeti linapokuwa limekaa, Dodoma hujaa kamera. Wapiga picha wanapangana viwanja vya Bunge, wengine wanashinda Mtumba kwenye Mji wa Serikali, na jioni video zinafuatana kwenye simu zetu: waziri kasema hivi, mbunge kahoji vile. Sasa shika barabara ya Morogoro uende Kibaigwa, wilayani Kongwa, chini ya kilomita 100 kutoka hapo, kwenye soko la mahindi linalofuatwa na wanunuzi wa mikoa mingi na wa nchi jirani. Siku bei ya gunia inapoporomoka, mkulima wa Mlali au Pandambili anajua kwa kupigiwa simu na dalali, ambaye naye ana sababu zake za kusema anachosema. Kamera hufika Kibaigwa pale basi linapopinduka, au msafara wa kiongozi unaposimama asalimie wananchi.

Mkoa wa Dodoma ulikuwa na watu zaidi ya milioni 3 kwenye sensa ya 2022, kutoka takriban milioni 2 mwaka 2012. Wengi wao hawaishi kwenye kata za jiji. Wako Kongwa, Mpwapwa, Bahi, Chemba, Kondoa, Chamwino. Je, miji midogo ya huko inaweza kulea kituo chake cha habari za video mtandaoni? Wapo wanaosema haiwezekani kabisa: watu wachache, fedha hakuna, bando ghali. Wapo wanaosema ni rahisi, kwa kuwa simu janja zimejaa na YouTube haidai kodi ya pango. Pande zote mbili zinapima kitu kimoja tu, idadi ya watazamaji, na nadhani hapo ndipo hesabu inapopotea.

Nianze na sababu ya kutaka video, maana redio ipo na inafanya kazi nzuri. Kuna mambo ambayo ukiyasema redioni yanapita, ukiyaonyesha yanakaa. Chukua lumbesa, ule mtindo wa kujaza gunia kupita kipimo. Sheria ya vipimo inaikataza, viongozi wanaikemea kila msimu, na kila msimu inarudi, hasa vijijini ambako mlanguzi ananunua mlangoni kwa mkulima, mbali na mizani ya soko. Gunia linajazwa mpaka mdomoni. Vijana wawili wanalinyanyua na kulidondosha ili mahindi yashuke, wanajaza tena. Kisha kipande cha gunia jingine kinaongezwa juu, kinajazwa, na kamba inazungushwa kuanzia pembe moja hadi nyingine mpaka mzigo uote kichwa. Mkulima amesimama pembeni akiangalia debe zake zikiondoka bila kulipwa. Dakika mbili za picha hiyo, ikifuatiwa na gunia lilelile likiwekwa kwenye mizani na namba ikisomeka, zinampa mkulima wa kijiji cha pili nguvu ya kukataa. Hotuba kumi kuhusu lumbesa hazijafanya hivyo.

Au chukua mkutano mkuu wa kijiji. Sheria inautaka uitishwe kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe mbele ya wananchi. Mahali pengi unapita mwaka. Panapoitishwa, mtendaji anasoma tarakimu harakaharaka kutoka kwenye daftari, watu wananong'ona, jioni imeisha. Kamera ikiwepo, hesabu iliyosomwa Machi inaweza kuwekwa kando ya ile iliyosomwa Juni, na mama aliyekuwa shambani siku ya mkutano akasikia kila neno. Baraza la madiwani nalo hukaa kila robo ya mwaka, na milango iko wazi kwa wananchi. Ni wangapi wanaweza kutoka Sagara hadi Kongwa mjini kukaa kutwa nzima wakisikiliza taarifa za kamati? Kwa maoni yangu kazi hii peke yake ingetosha kuwa sababu ya kituo kuwepo.

Lakini sababu nzuri hailipi umeme. Vijana wengi huanza kwa kutegemea matangazo ya YouTube, na ni vema wajue hesabu yake mapema. Ili upate mgawo wa matangazo unahitaji wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Ukivuka hapo, unapata asilimia 55 ya mapato ya matangazo yanayowekwa kwenye video zako ndefu, na malipo hayatoki mpaka yafike dola 100. Mtangazaji hulipa kulingana na anayetazama yuko wapi na ana uwezo gani wa kununua, kwa hiyo mtazamo mmoja, yaani mara moja ya video kutazamwa, wa mtu wa Kongwa una thamani ndogo kuliko wa mtu wa Marekani au Uingereza. Kituo cha kitaifa chenye makao Dar es Salaam kinafidia hilo kwa wingi wa watu. Kituo cha wilaya hakiwezi.

Matokeo yake tunayaona. Chaneli inaanzishwa kwa nia ya kuripoti maji na barabara, miezi michache baadaye inarusha ugomvi wa wasanii, fumanizi la mkoa mwingine na vichwa vya habari vinavyoahidi kisichokuwemo ndani. Wenye chaneli si watu wabaya. Wanafuata pesa ilipo, na pesa ya mitazamo haiko kwenye kisima kilichoharibika Chitego. Anayesema habari za video za wilayani haziwezi kujilipa kwa mitazamo amesema kweli, na sioni namna ya kumpinga.

Kuhusu mtandao wenyewe, hali inabadilika. Mei 2023, hapahapa Dodoma, serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini. Bado mnara hauwi bando, na bado nyumba nyingi zina simu moja tu ya kitochi, isiyo na intaneti. Ila tusisahau jinsi video inavyosafiri kijijini: mmoja anaipakua, anaituma kwenye kundi la WhatsApp la kitongoji, wanne wanaiangalia kwenye simu moja kwenye kibanda cha bodaboda. Video ya dakika mbili iliyobanwa vizuri inafika. Kipindi cha nusu saa chenye picha za ubora wa juu hakifiki. Mwenye kituo akishindwa kukubali hilo atatengeneza vipindi vizuri vya kutazamwa na watu wa Dar.

Na hao watu wa Dar ni suala lenyewe. Kila wilaya ya kanda ya kati ina wazawa wake walioko Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na hata nje ya nchi. Wana bando, wana kipato, na wana kiu ya kuona kwao. Ndio wanaochangia harambee za shule na visima, na wako tayari kuchangia chombo kinachowaonyesha barabara ya kwao imefikia wapi. Nimesikia watu wakisema hawa ndio wokovu wa chombo cha wilayani, na kwa upande wa fedha wanaweza kuwa sahihi. Shida ni kwamba mzawa aliye mbali anataka kuona misiba, harusi, ngoma za asili na maendeleo ya kujivunia. Mkaaji anataka kujua dawa zimeisha lini kwenye zahanati na mgawo wa maji unaanza mtaa gani. Chombo kinachoishi kwa michango ya walioko mbali kitavutwa taratibu kuelekea kwao, mpaka anayekaa pale aanze kuona kituo cha kwao kinazungumza na watu wengine.

Marekani walishapitia majaribio ya namna hii, ingawa kwa maandishi na picha zaidi kuliko video. Patch, mtandao wa tovuti za habari za mitaa, ilianzishwa 2007, kampuni ya intaneti ya AOL ikainunua 2009 na kuipeleka kwenye miji na vitongoji vipatavyo 900 kwa mfumo mmoja unaoongozwa kutoka juu. Ilipoteza fedha nyingi, na mwaka 2014 AOL ikaachia sehemu kubwa ya umiliki. Wakati huohuo West Seattle Blog, tovuti ya habari ya eneo moja la jiji la Seattle iliyoanzishwa 2005 na kuendeshwa na mke na mume waliokuwa wakiishi palepale, iliendelea kuishi kwa matangazo ya biashara za mtaani. Mazingira yao si yetu. Lakini anayepanga kufungua matawi ya video kwenye wilaya zote za Dodoma na Singida kwa mpigo angefaa aanze na moja, na anayeiendesha awe anakaa hapo.

Sasa nani atalipa? Majibu mengi yako barabarani Kibaigwa. Duka la pembejeo linalotaka wakulima wajue mbegu zimefika. Mashine ya kukamua alizeti. Shule binafsi inayotafuta wanafunzi. Nyumba ya wageni, fundi wa pampu, wakala wa mabasi. Hawa hawahitaji mitazamo laki moja. Wanahitaji watu mia tano walio umbali wa pikipiki kutoka dukani kwao, na hicho ndicho kitu pekee ambacho kituo cha wilaya kinaweza kuuza na cha Dar hakiwezi. Kamera ileile inayorekodi baraza la madiwani Jumatano inaweza kurekodi harusi au kipaimara Jumamosi, na bila kuficha, Jumamosi ndiyo itakayolipa mshahara. Biashara hii ina msimu. Baada ya mavuno pesa inazunguka, sherehe ni nyingi, wenye maduka wanatangaza. Ikifika Januari, kila mtu amebana mkono akisubiri mvua na kulipa ada za shule. Kituo kisichoweka akiba ya miezi hiyo kitafungwa katikati ya msimu wa kilimo, wakati habari za mbegu na viwavijeshi zinahitajika kuliko wakati wowote.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni uhuru wa chombo. Kwenye mji mdogo, mteja mkubwa kuliko wote ni halmashauri. Ndiyo yenye ziara, uzinduzi, mbio za Mwenge na gari la kukufikisha kwenye tukio. Kijana anayeanza anaweza hata kupata mtaji huko: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni fursa halali. Lakini kituo chenye deni la halmashauri kitasimamaje siku mikopo hiyohiyo inapogawiwa kwa vikundi hewa? Na hata bila deni, mwandishi anasali na mke wa mkandarasi, anakopa dukani kwa diwani, watoto wao wanasoma darasa moja. Mwandishi wa Dar anarusha habari na kulala kwake. Huyu wa hapa ataamka akutane nao kisimani. Ndiyo maana naona vyanzo vingi vya fedha kidogokidogo ni bora kuliko mfadhili mmoja mkarimu, hata kama mfadhili huyo analipa zaidi. Duka moja likiondoa tangazo kwa hasira, kituo kinabaki.

Upo pia mzigo wa sheria. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipotoka 2018, leseni iliwekwa shilingi milioni 1 kwa mwaka, mbali na ada ya maombi. Marekebisho ya baadaye yaliipunguza, jambo la kushukuru. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 nayo inataka waandishi wawe na ithibati, yaani kibali rasmi cha kufanya kazi hiyo. Nakubaliana na nia ya kuwa na weledi, hasa nikikumbuka jinsi uvumi wa WhatsApp unavyoweza kumharibia mtu maisha ndani ya saa moja kwenye mji ambao kila mtu anamjua kila mtu. Ila gharama hizi haziangalii ukubwa wa mahali. Kwenye redio, TCRA, mamlaka ya kusimamia mawasiliano, hutofautisha leseni ya kitaifa, ya mkoa, ya wilaya na ya jamii. Kwa habari za mtandaoni hoja iliyopo ni kwamba mtandao hauna mipaka, yeyote popote anaweza kutazama. Kiufundi ni kweli. Lakini mapato yana mipaka, na yanaishia pale duka la pembejeo linapoishia. Ningependa kuona ngazi ya leseni ya jamii kwa video za mtandaoni, yenye masharti kwamba angalau sehemu kubwa ya habari zitoke ndani ya wilaya husika na mmiliki awe mkaazi. Fedha ambayo kituo cha watu wawili wa Kibaigwa kingeokoa hapo ingenunua maiki ya kuzuia upepo, ambao pale sokoni hauna simile, na bando la kuwavusha hadi mavuno.