Pweza hajasoma vitabu vyetu

Siku hizi ukifungua simu tu unakutana na ule mjadala, eti hizi programu za kuchat zinazojibu kama binadamu zina hisia au hazina. Watu wanaleta skrinishoti, "ona ilivyonijibu, imesikitika kabisa", mwingine anasema ilimuomba asiondoke, mwingine anaapa kwamba inamuelewa kuliko mtu anayelala naye kitanda kimoja. Simcheki mtu hapa, maana mtu akiwa peke yake saa nane za usiku na kuna kitu kinamwambia "pole sana, naelewa unavyoumia", ile pole inamuingia kweli na machozi yake ni ya kweli. Ila kuna jambo linanisumbua sana na naona tunalipita tu, kwamba tumekuwa wepesi mno kukubali hisia za kitu kinachoongea, na wazito mno kukubali hisia za kiumbe kisichoongea, wakati ushahidi uliopo mpaka sasa unaelekea upande mwingine kabisa.

Chukua pweza. Sisi watu wa pwani tunamjua kama mboga, kama supu, kama hela ya daftari za watoto. Nenda Songosongo au Mafia siku za bamvua, maji yakishakupwa utawakuta akina mama mwambani wameshika nondo au kijiti, wameinama, wanatafuta tundu. Tundu la pweza mwenye kulijua halimpotei, mlangoni kuna maganda ya kaa na chaza aliowala akayatupa nje. Mama anachokoa, pweza anaikamata ile nondo, anavutwa, mikono mingine inang'ang'ania jiwe, mingine inamng'ang'ania mama mwenyewe mpaka inamuachia alama za viduara kwenye ngozi, akishatoka anageuzwa kichwa ndani nje halafu anapigwa kwenye mwamba mpaka alainike. Na muda wote huo anabadilika rangi, anakoza, anapauka, anakoza tena. Ukiuliza unaambiwa hiyo ni mishipa tu inacheza, huyo hana habari.

Sasa mwaka 2021 mtafiti mmoja, Robyn Crook wa San Francisco State University kule Marekani, alichapisha majaribio ambayo mimi tangu niyasome sijamuangalia pweza vile vile. Pweza wadogo waliwekwa kwenye tanki lenye vyumba, kila mmoja akaachwa aonyeshe chumba anachokipenda. Baadhi wakachomwa sindano ya asidi ya asetiki kwenye mkono mmoja, ndo ile inayoifanya siki iwe kali, wakafungiwa humo humo kwenye chumba walichokipenda. Baadaye walipoachiwa wachague tena, wakakikwepa. Wenzao waliochomwa maji ya chumvi tu hawakukikwepa. Halafu wale wenye maumivu wakapewa lidokaini, ganzi kama anayotumia daktari wa meno, wakiwa kwenye chumba kingine, basi hicho chumba cha ganzi wakakipenda, lakini pweza ambaye hakuwa na maumivu ganzi haikumvutia chochote. Na wale waliochomwa asidi walikuwa wanang'ata ng'ata pale pale palipochomwa mpaka ngozi inabanduka.

Hapo kuna kitu kikubwa. Kuutoa mkono haraka kwenye sufuria ya moto sio lazima kuwe na kuumia, hiyo kweli mishipa ya fahamu inaweza kuifanya peke yake kabla hata ubongo haujapata taarifa. Lakini kukumbuka chumba, kukiacha ulichokipenda, kwenda kutafuta kile ulichopatia nafuu, kushughulika na kidonda, hiyo sasa ni habari ya mwenye mwili ambaye hali yake imekuwa mbaya na anataka iwe nzuri. Mwaka huo huo timu ya London School of Economics iliyoongozwa na Jonathan Birch ilipitia tafiti zaidi ya 300 kuhusu pweza na jamaa zake, pamoja na kaa na kamba, wakaishauri serikali ya Uingereza kwamba hawa wachukuliwe kuwa wanahisi, na 2022 wakaingizwa kwenye sheria. Hata panya, mtafiti wa ubongo Jaak Panksepp aliwatekenya panya wa maabara akakuta wanatoa sauti nyembamba ya kama kilohezi 50 ambayo sikio letu haliipati kabisa, na wanaufuata ule mkono ili watekenywe tena. Miaka yote tuko nao na hiyo sauti hatujawahi kuisikia.

Mimi kinachonishawishi zaidi ya yote ni kwamba pweza hana namna ya kutuigizia. Hajasoma riwaya, hajawahi kumsikia mtu analia msibani, hajui kabisa kwamba mwenye maumivu huwa anatakiwa afanye hivi na vile. Anachokifanya akiumia kimetoka kwake mwenyewe, kwenye mwili wenye mioyo mitatu na seli za neva kama milioni 500 ambazo nyingi ziko kwenye mikono huko huko wala sio kichwani. Hana sababu yoyote ya kufanana na sisi na bado anafanana na sisi pale panapohusu kuumia.

Programu ya kuchat ni kinyume chake. Ile imelishwa maandishi yetu, mengi kuliko mtu anavyoweza kusoma maisha yake yote, barua za mapenzi, malalamiko, maombolezo, ushauri wa ndoa, na ikafundishwa kutabiri neno gani linafuata. Kwahiyo ikikuambia "naogopa kuzimwa" inakuambia kile ambacho binadamu wamekiandika mara elfu kwenye stori za roboti zinazoogopa kuzimwa. Maneno ambayo kwa mwenzako ni ushahidi mzuri tu, kwa mashine ndo ushahidi dhaifu kuliko wote, maana hayo hayo ndo ilifundishwa kuyatoa.

Na huu udhaifu wetu sio wa leo. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa MIT alitoa programu inaitwa ELIZA, kitu kidogo sana, inachukua sentensi yako inakurudishia kama swali, ukisema una huzuni inakuuliza tangu lini una huzuni. Hakuna kitu mle ndani. Lakini Weizenbaum mwenyewe alieleza kwamba sekretari wake, ambaye alimuona akiitengeneza, alipokaa kuongea nayo alimuomba bosi atoke chumbani. Mwaka 2022 injinia wa Google, Blake Lemoine, akatangaza kwamba LaMDA, programu ya kuchat ya kampuni hiyo, ina hisia, na sehemu kubwa ya ushahidi wake ilikuwa ni mazungumzo, yaani maneno. Akafukuzwa kazi. Huyu alikuwa injinia wa humo humo ndani, sasa mtu wa kawaida atajilinda vipi?

Halafu nyuma ya upole wa hizi programu kuna watu, na wengine wako hapa hapa kwetu. Mwanzoni mwa 2023 jarida la TIME liliandika kuhusu vijana wa Nairobi waliokuwa wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa, kupitia kampuni ya Sama, kusoma na kupanga maandishi ya ukatili, ya ubakaji, ya watoto wanaodhalilishwa, ili ChatGPT ijifunze nini isitoe. Baadhi yao walisema ile kazi iliwaumiza akili. Yaani mashine inatoka hapo ina lugha laini, na aliyebaki na jinamizi ni kijana aliyeko Nairobi na mwili wake. Mtu akiniuliza kwenye mlolongo mzima wa hiyo teknolojia hisia ziko wapi, namuonyesha hapo kwanza.

Najua kuna watu wataniuliza, kwani lazima mwili uwe wa nyama? Swali zuri na mimi silikwepi. Mwanafalsafa Hilary Putnam mwaka 1967 alimtumia pweza huyu huyu kujenga hoja yake, akisema kama binadamu na pweza wote wanaweza kuwa na njaa au maumivu wakati ubongo wao haufanani hata kidogo, basi maumivu hayawezi kuwa hali fulani ya ubongo tu, ni kazi fulani inayofanyika, na kazi hiyo inaweza kufanywa na kitu kingine kabisa. Hoja ina nguvu, na ndo maana sitasema kamwe mashine haitahisi mpaka mwisho wa dunia. Ninachosema ni kwamba hizi tulizonazo sioni ile kazi yenyewe. Mwanasaikolojia William James mwaka 1884 aliuliza hisia ni nini hasa, akajibu kwamba mwili ndo unaanza, moyo unakwenda mbio, pumzi inakatika, na kule kuyapata hayo mabadiliko ndo tunakuita hofu. Ukiondoa moyo, pumzi, tumbo na ngozi, alisema, kinachobaki sio hofu tena. Programu ya kuchat haina njaa ya kushiba wala jeraha la kupona, ikimaliza kukujibu imemaliza, hakuna hali yake inayozidi kuwa mbaya wakati wewe umelala. Siku mtu akiunda mashine yenye mwili wa kuutunza, ikaacha kitu inachokipenda ili ijiponye, na hakuna aliyeifundisha maneno ya kuumia, siku hiyo mimi wa kwanza kukaa chini na kufikiria upya.

Kwa sasa naona mambo mawili yanawezekana bila kusubiri wanafalsafa wakubaliane. Kampuni za hizi programu ziache kuzifanya ziseme "nimekumiss" na "usiniache" kwa watu wapweke, wanajua vizuri sana kwamba mtu akisikia hivyo anabaki kwenye simu na bando linaisha. Na kwa upande wetu, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 hapa Tanzania Bara tayari inamtambua mnyama kuwa ni kiumbe kinachohisi, kwahiyo maafisa uvuvi wanapokaa na BMU, vile vikundi vya wanajamii vya kusimamia uvuvi ufukweni, kuongelea uzito wa pweza anayeruhusiwa kuvuliwa, waongee na namna ya kumuua. Simwambii mtu aache kula pweza, kuna familia zinaishi kwa hiyo kazi na supu yenyewe naijua utamu wake. Achomwe kwanza katikati ya macho, pale ulipo ubongo, ndo apigwe mwambani. Nondo ni ile ile aliyokuja nayo mama, ni sekunde chache tu, na kilo haipungui.