Tatu ya tano: hesabu ya watumwa ilimnufaisha nani?

Katiba ya Marekani iliyoandikwa 1787 iliagiza kwamba katika kugawa viti vya Baraza la Wawakilishi, watumwa wahesabiwe kwa tatu ya tano ya idadi yao. Wapo wanaokisoma kifungu hicho kama tamko kwamba Mwafrika ni binadamu pungufu. Wengine, kama Frederick Douglass, Mmarekani mweusi aliyepigania kufutwa kwa utumwa, mwaka 1860, wamesema kiliwabana wenye watumwa, maana kiliwakata mbili ya tano ya hesabu ya watumwa wao.

Hawa wa pili wana hoja. Kule Philadelphia, kwenye mkutano ulioandika katiba hiyo, mmoja wa wajumbe waliopinga watumwa kuhesabiwa, Gouverneur Morris, alikuwa adui mkubwa wa utumwa. Waliotaka wahesabiwe wote ni wajumbe wa majimbo ya Kusini, yenye watumwa wengi. Kwa hiyo hiyo tatu ya tano haikupima utu. Ila wanalinganisha tatu ya tano na moja kamili, ilhali mtumwa hakuwa na kura wala mwakilishi. Kipimo cha haki hapo ni sifuri.

Tazama Virginia, jimbo la Kusini. Sensa ya 1790 ilikuta watu huru 454,983 na watumwa 292,627. Tatu ya tano ya watumwa ni 175,576, jumla 630,559. Kiti kimoja kilihitaji watu 33,000, masalia yakaachwa: viti 19. Bila watumwa vingekuwa 13. Massachusetts ya Kaskazini, ikiwa bado na Maine ndani yake, ilikuwa na watu 475,327, wote huru, wengi kuliko watu huru wa Virginia. Ikapata 14. Na kura za wajumbe wanaomchagua rais hufuata viti hivyohivyo. Katika uchaguzi wa rais wa 1800 Thomas Jefferson wa Virginia alimshinda John Adams wa Massachusetts kwa kura 73 kwa 65, na wanahistoria wengi wanaona ziada ya kura iliyotokana na watumwa ndiyo iliyomvusha.

Fidia ya Kaskazini ilikuwa kwamba kodi za moja kwa moja zingefuata uwiano uleule. Ya kwanza ilitozwa 1798, na baada ya hapo zilitozwa kwa nadra. Viti vilikuwepo kila mwaka.

Utumwa ulipofutwa 1865, Kusini ilikaribia kuvuna zaidi, kwani aliyeachwa huru sasa alihesabiwa mzima hata asipopiga kura. Ndiyo maana Marekebisho ya 14 ya katiba, 1868, yaliagiza jimbo linalowanyima kura wanaume wa miaka 21 na zaidi lipunguziwe uwakilishi kwa kadiri hiyo. Baadaye majimbo ya Kusini yaliwaengua wapiga kura weusi kwa kodi ya kulipa kabla ya kupiga kura na mitihani ya kusoma, na Bunge halikuwahi kupunguza hata kiti kimoja.