Fursa au Ukosefu wa Kazi: Kinachowasukuma Wanafunzi wa Nairobi Kufungua Kampuni

Ukimuuliza mwanafunzi wa chuo kikuu jijini Nairobi kwa nini anataka kufungua kampuni ya teknolojia, atakwambia ameona fursa. Muulize mzazi wake, naye atakujibu kwa ufupi zaidi: kazi hakuna.

Hoja ya fursa ina mashiko. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007. Nyaya za intaneti za chini ya bahari zikafika Mombasa mwaka 2009, na mwaka uliofuata iHub ikafunguliwa Ngong Road, mahali ambapo mwanafunzi aliweza kuketi meza moja na watu waliokwisha kuunda programu zinazotumika. Mwaka 2017 Safaricom ikafungua Daraja, mfumo unaomruhusu mtengenezaji programu kuunganisha kazi yake na M-Pesa. Hili la mwisho ni kubwa kuliko linavyoonekana. Kijana wa Juja anayemtengenezea mwenye duka programu ya kurekodi mauzo anaweza kuijaribu usiku akiwa hostelini, na akaona malipo yakiingia papo hapo. Hahitaji tena kuambiwa na mhadhiri kwamba anaweza.

Mwanasaikolojia Icek Ajzen, katika nadharia yake ya mwaka 1991, alitaja mambo matatu yanayojenga nia ya mtu: anavyoliona tendo lenyewe, wanavyoliona watu anaowajali, na anavyojiona ana uwezo wa kulitenda. Nairobi imelishughulikia vizuri hilo la tatu. Chuo Kikuu cha Nairobi kina C4DLab na Chuo Kikuu cha Strathmore kina iBizAfrica, vituo vya kulea kampuni changa, na mashindano ya ubunifu hayakosekani. La pili ndilo gumu. Familia iliyouza ng'ombe au kuitisha harambee ili mtoto asome inasubiri barua ya ajira. Akirudi kijijini na kusema ana kampuni, wataelewa kwamba bado anatafuta kazi.

Na mara nyingi huwa hawajakosea. Wapo wanaoanzisha kampuni kwa sababu walituma maombi ya kazi hadi wakachoka. Mkopo wa HELB, bodi ya serikali inayowakopesha wanafunzi wa vyuo, nao hauwangoji: huanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, uwe na mshahara au huna. Kwa hiyo anayeishi kwa kubahatisha analazimika kuchukua kibarua chochote kinacholipa wiki hii, na ile programu aliyoianza chuoni inabaki kwenye kompyuta.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosifu moyo wa kujiajiri bila kuuliza nani analipa kodi ya nyumba. Kune, kampuni ya chakula, ilifungwa mwaka 2022. Sendy, ya usafirishaji, ikafuata mwaka 2023. Zote mbili zilikuwa na fedha za wawekezaji. Ikiwa zenye mtaji zinaanguka, mhitimu asiye na akiba anaingia sokoni akiwa na nafasi moja tu ya kukosea. Mwenzake ambaye wazazi wana nyumba Kilimani atajaribu mara tatu, kisha tutamwita jasiri.

Hata hivyo siwezi kusema msukumo wa shida hauzai kitu. Aliyekulia nyuma ya kibanda cha mboga anajua mteja hulipa lini na hukopa lini, na ujuzi huo ni adimu katika kampuni nyingi zilizopambwa kwa maneno mazuri. Kasoro ya mashindano mengi ya vyuoni ni kwamba yanampa tuzo anayejua kueleza wazo mbele ya majaji, wakati huyu wa kibandani huenda hana hata nauli ya kufika ukumbini.

Kama HELB ingeahirisha marejesho kwa miaka miwili kwa mhitimu aliyesajili biashara na anayeonyesha mauzo halisi, hata yawe madogo, tungejua ni wangapi wanataka kweli kuendesha kampuni na ni wangapi wangeiacha kesho asubuhi wakipata ajira. Kwa sasa wote tunawahesabu kama wajasiriamali, na vyuo vinajivunia idadi hiyo.