Ubani Ghorofa ya Sita

Kabla hujanicheka, jua kwamba kiberiti nilikileta mimi mwenyewe. Saa nne usiku, nimeshavaa msuli wa kulalia, nilishuka kwa lifti toka ghorofa ya sita, nikaenda mpaka kwenye gari, nikapekua chini ya kiti, nikakipata kile cha gesi tulichowashia mishumaa ya keki, nikampelekea mama mkwe kwa mikono miwili. Mwanamume aliyelelewa Tanga akiagizwa kitu na mama mkwe haulizi cha nini. Msuli wenyewe sikuubadilisha. Nilijisemea, usiku huu nani ataniona.

Tunaishi Atlanta. Mama alikuja kututembelea mwezi wa Juni, na Julai tukaona tuwapeleke watoto Orlando, Florida, mwendo wa kilomita 700 hivi kwa gari, wakaone mabustani ya michezo. Mkubwa ana miaka 6, mdogo wake ana 3. Hoteli tuliyofikia ni ya zile zinazojengwa kwa ajili ya watoto, mzazi akiwa ni mlipaji tu. Mazulia yamechorwa nyayo za wanyama, lifti inaimba, na asubuhi dubu mrefu kuliko mlango anazunguka mezani kusalimia watu wanaokula mayai. Nilichukua vyumba viwili vyenye mlango wa kupitia katikati. Kulala chumba kimoja na mkwe hapana, hata kama kina vitanda viwili vya kifalme na kwenye picha ya tangazo ukoo mzima umejilaza humo unacheka.

Huyo dubu ndiye aliyeanza.

Asubuhi ya kwanza mdogo alikuwa anakula zile chapati zao za maji, nene kama godoro, zilizomwagiwa asali. Dubu akamjia kwa nyuma, akamwekea mkono begani. Mtoto akageuka, pua kwa pua. Angelia tungetulia. Alinyamaza, macho yamemtoka, chapati iko mdomoni haimezwi wala haitemwi. Baba mtu nikapiga picha. Mama akaweka kikombe chini taratibu, akasema, "Mtoto kashtuka huyu," kisha hakusema tena neno mpaka jioni, jambo ambalo lingenitia hofu kama ningekuwa na akili.

Siku yenyewe bustanini ilipita kama siku za huko zinavyopita: foleni, jua, maji ya chupa yenye bei ya mafuta ya taa. Mkubwa alikuwa ameota miezi miwili kupanda ile treni inayokimbia gizani. Mlangoni pana mstari: inchi 44, yaani sentimita 112. Mwanangu ana 109. Mama akatoa kofia ya kiua ya marehemu babu, ambayo huwa haimtoki mkobani, akamvisha. Kijana wa mlangoni akaibonyeza kwa kiganja, kwa adabu kabisa, mpaka ikalala. Sentimita 109. Alasiri radi za Florida zikaanza, kama kawaida yake mwezi huo, michezo ya nje ikafungwa, nasi tukarudi hotelini na mtoto mmoja ananung'unikia urefu wake na mwingine kaning'inia shingoni kwangu hataki kugusa chini.

Usiku ukawa usiku. Kila mdogo akifumba macho, anaamka na ukelele: "Dubu! Dubu!" Mama watoto akaimba, nami nikaimba, jirani akagonga ukuta. Saa tatu na nusu Mama akatokea kwenye mlango wa katikati, ushungi kichwani.

"Mwanangu, hapa zamani palikuwa na nini?"

"Vinamasi, Mama, na mashamba ya machungwa. Disney walipofungua bustani yao mwaka 1971 ndipo watu wakaanza kumiminika."

"Vinamasi."

"Ndiyo, Mama."

"Vyenye mamba."

"Mpaka leo wapo, Mama."

Akatikisa kichwa. "Mmejenga juu ya nyumba za wenyewe, kisha mwenyewe mnamvisha fulana, mnamleta mezani kwa watoto. Lete mtoto nimfukize."

Alikuwa na kila kitu. Ubani aliubeba toka Tanga ndani ya kopo la Blue Band, na chetezo cha umeme kile cha Dubai, chenye nakshi za dhahabu. Tukakichomeka kwa adapta. Sasa, adapta inabadilisha miguu ya plagi, umeme haiubadilishi: chetezo kimetengenezewa volti 230, ukuta wa Marekani unatoa 120, na volti zikiwa nusu, joto linashuka hadi kama robo. Dakika kumi nzima ubani ulikaa pale juu kama mgeni aliyewahi shughuli. Mama akakigusa kwa kidole, akasema kinafaa kupashia uji.

Ndipo akatoa makaa. Vile vidonge vyeusi vya duka la Waarabu, vinavyorusha cheche vikishika moto. Alivinunua Atlanta, akavifunga kwenye soksi. Na ndipo akaniomba kiberiti.

Kilichofuata kilikuwa kizuri, sitasema uongo. Kidonge kwenye kisahani cha kahawa cha hoteli, punje tatu za ubani, mtoto kafunikwa khanga, Mama anamsomea Ayatul Kursi kwa sauti ya chini. Moshi ukajaa taratibu. Nikaona mabega ya binti yangu yanalegea. Nikakumbuka nyumbani Ngamiani, jioni ya Alhamisi, marehemu bibi yangu anazungusha chetezo kila kona ya nyumba. Machozi yakanilenga. Huenda ulikuwa moshi tu.

Kidude cha darini cha kunusa moshi hakikuwa na kumbukumbu hizo. Kililia mlio wa kutoboa meno. Mama watoto akapanda kitandani anakipepea kwa taulo. Dirisha halifunguki, limeundwa hivyo. Mama hakuinua hata uso, alikuwa hajamaliza aya. Nami, kichwa cha nyumba, nikaamua jambo: nikafungua mlango wa kutokea koridoni, nikashika taulo la pili, nikausukuma moshi wote nje kwa nguvu zangu zote. Ukatoka vizuri sana.

Baadaye mzee mmoja wa zimamoto alinieleza, kwa upole unaouma kuliko tusi. Kidude cha chumbani kinalia chumbani. Humwamsha aliyelala humo, kazi yake imekwisha. Cha koridoni ndicho kinachoamsha jengo. Ningeuacha mlango umefungwa, tungepata aibu ya watu watano. Nilipoufungua nikaialika hoteli nzima.

Taa zikaanza kumweka, sauti ya mwanamke asiye na haraka ikatoka ukutani ikituamuru tutoke kwa ngazi. Milango ikafunguka yote kwa pamoja. Watoto wenye masikio ya bandia kichwani, akina baba wenye kaptula za katuni, bibi mmoja kavaa vikunjio vya nywele. Na koridoni kunanukia harusi. Kila mtu anakimbia huku ananusa. Lifti zimeshajizima, kwa hiyo ni ngazi, ghorofa sita, kigari cha mtoto begani, msuli nimeushika kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa fundo la msuli halikutengenezewa ngazi za dharura. Mama anateremka mbele yetu na mjukuu mgongoni, kamfunga kwa khanga, kwapani kopo la Blue Band. Pasipoti kaiacha kitandani.

Tukamwagwa kwenye maegesho ya magari. Sijui tulikuwa mia ngapi. Nilijipenyeza katikati nikijifanya mtu asiyejua lolote, na pengine ningefanikiwa, maana nguo zilizokuwa pale usiku ule hata msuli haukuwa wa ajabu. Lakini kiangazi familia za Ghuba huja Orlando kwa wingi, na nyuma yetu nikasikia Kiswahili cha Unguja, kitamu kabisa, kinapaza sauti:

"Jamani, nani huyu kafukiza? Mie nimetoka Maskati sijasikia harufu hii hapa tangu nishuke ndege!"

Bi mkubwa wa Kiomani, kavaa buibui, anatabasamu, anatufuata kwa pua. Nikamkonyeza anyamaze. Hakuona. Mama, ambaye siku nzima hakupata wa kuzungumza naye zaidi ya sisi, akageuka kama aliyeitwa jina.

"Ni sie, mwenzangu."

Wakashikana mikono mbele ya watu wote, nasi tukawa tumeshatambulika kwa lugha zote. Bi mkubwa akaomba anuse kopo. Akanusa. Akafikiri.

"Mzuri," akasema. "Lakini si wa kwetu Omani, wa Dhofar."

Nilimwona Mama akibadilika rangi chini ya taa za magari. Zimamoto wanaingia na mashoka, watoto wanalia, meneja anakimbia na karatasi, na kinachozungumzwa pale kwa ukali ni kama ubani wa Kisomali unashindwa na wa Dhofar au la. Mama alikata shauri kwamba ubani wa Dhofar ni wa kuringia tu, mtoto aliyeshtuka hufukizwa kwa wa Kisomali. Ningekuwa na haya ningewaamulia.

Mkubwa wakati huo alikuwa kapotea. Nikamkuta ndani ya gari la zimamoto, kakalishwa kiti cha mbele na kijana mwenye koti zito, kofia ngumu imemfunika mpaka puani. "Baba," akaniita toka ndani ya kofia, "hapa hawapimi!"

Meneja alikuwa mama mtu mzima, msalaba mdogo shingoni, fomu mkononi. Akasema kuvuta sigara chumbani faini yake ni dola 250. Nikamwambia hatukuvuta chochote. Akaniuliza basi moshi ulikuwa wa nini. Sasa mweleze mtu, saa tano usiku, kwa Kiingereza, ukiwa na msuli, kwamba mtoto alifukizwa kwa sababu ya dubu wenu. Nikaanza mara tatu, nikakwama mara tatu. Mwishoni nikashika njia ya dini: nikamwambia ni ule uvumba ambao Mamajusi walimpelekea Isa mtoto, pamoja na dhahabu na manemane. Akaacha kuandika. Akaliangalia kopo la Blue Band kwa muda mrefu. Akaomba alifungue, akanusa, akafumba macho kidogo.

Faini nililipa. Ila kwenye fomu, pale panapouliza ni sigara, bangi au mshumaa, alivikata vyote, akaandika kwa mkono wake: "Zawadi ya Mamajusi". Risiti ninayo. Mama watoto ameipiga picha na kuituma kwa ukoo mzima, kwa hiyo Tanga wanaijua.

Tuliruhusiwa kurudi karibu saa sita. Nikakumbuka kumtazama mdogo. Kengele, ngazi, ving'ora, mabishano ya Dhofar, yote hayo yalimpitia mgongoni kwa bibi yake akiwa usingizini, mdomo wazi, mate yanalowesha khanga. Hakuamka mpaka saa mbili asubuhi. Mama hakunisemesha. Alimlaza, akamfunika, akanitazama mara moja tu, mtazamo wa mtu anayekuachia uhesabu mwenyewe.

Asubuhi tukashuka kula. Watu walitusalimia kwa vichwa, wengine kwa kucheka. Bi mkubwa wa Maskati akatupungia toka meza ya dirishani. Dubu naye akaingia, anacheza, anakumbatia watoto, meza ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mdogo akaacha kutafuna. Mkono wangu ukaanza kumtafuta chini ya meza.

Dubu akafika meza ya nne, iliyo jirani na yetu. Akainua kichwa. Kwa kuwa nguo zetu zote zilikuwa bado zinanukia, au kwa kuwa wafanyakazi walishaambiana, alisimama, akatazama khanga ya Mama, akapunga mkono kwa mbali, akageuka na kwenda zake upande wa matunda.

Mama akamimina chai.

"Umeona?" akasema.