Nipo Dubai, Nimelala Mbagala

Duka langu ni la nguo za kike, Mbagala. Kila kitu nilikuwa nafanya mwenyewe, kuanzia kufagia mpaka kugombana na mteja anayetaka dera la elfu kumi na tano kwa elfu saba. Watu wakanisema weee: biashara haikui hivyo, gawa majukumu. Haya, nikagawa. Nikamleta mpwa wangu, mtoto wa dada, na jukumu la kwanza kumkabidhi likawa lile lililokuwa linaninyima usingizi, yaani kuongea na wanaonidai.

"Mtu yeyote akija akataja deni, mwambie bosi kasafiri."

"Sawa, mjomba. Kasafiri wapi?"

"Popote! Tumia akili."

Akatumia. Afisa mikopo wa kausha damu alipopaki pikipiki yake, akaambiwa nipo Dubai, nimefuata mzigo.

Angesema Morogoro angepungukiwa nini? Morogoro hakuna anayeagiza kitu. Lakini ukitaja Dubai mbele ya kinamama wanaojaribisha madera, habari inafika Rangi Tatu kabla hujafunga mdomo. Jioni nampigia kuuliza mauzo, ananijibu kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: "Eee mjomba! Joto la huko vipi?"

Nikawa mfungwa nyumbani kwangu. Dirishani sisogei, kikohozi nakimezea kwenye mto. Mwenye nyumba akabisha hodi mchana kweupe, akalalamika simu yangu haipokelewi. Mke wangu bila hata kupepesa macho: "Atakuwa kalala, saa hizi huko ni usiku wa manane." Dubai wametutangulia saa moja tu! Mwenye nyumba akasema, "Maskini, na uchovu wa safari."

Usiku nikanyemelea dukani kwa mlango wa nyuma. Mpwa wangu akanifungulia kaunta buku kwa fahari, mwandiko umenyooka:

"Mama wa genge: abaya nyeusi yenye vijiwe, XL. Kalipa nusu. Shangazi yake fundi simu: udi na marashi. Kalipa yote. Mwalimu: abaya ya bluu, iwe ya Dubai kweli, asiletewe ya Kariakoo. Afisa mikopo: abaya ya mkewe, ikatwe kwenye deni."

"Nani kakuruhusu kupokea oda?"

"Si ulisema usipokuwepo bosi ni mimi?"

"Na hela ziko wapi?"

Kalipia kodi ya fremu, kanunua umeme, kilichobaki kipo kwenye droo, kimefungwa kwa raba. Nilitafuta pa kumgombezea nikakosa.

Alfajiri nikapanda daladala ya kwanza, kofia imefika kwenye nyusi, mpaka Kariakoo, mtaa wa Kongo. Muuzaji akaniapia kwa Mungu kwamba abaya zake zimetoka Dubai, kwa hiyo mimi kwa upande wangu sioni kama kuna mtu niliyemdanganya. Nikazipanga kwenye begi la magurudumu la kuazima, nikakodi bajaji, nikashuka mbele ya duka saa nne, mtaa umejaa.

Vigelegele! Afisa mikopo ndiye aliyenipokea begi. Mama wa genge akanishika shavu: "Baba, umetakata! Maji ya kule si mchezo." Ukifungiwa ndani bila jua lazima utakate. Mwalimu akaigeuza abaya yake nje ndani, akaisogeza kwenye mwanga, akakagua mshono, akainusa. Mimi nimebana pumzi.

"Mnaona?" akawaambia wenzake. "Kitu cha Dubai unakijua tu. Siyo yale matakataka ya Kariakoo."

Usiku tunafunga hesabu, mpwa wangu akajikuna kisogo.

"Mjomba, kuna watu wanauliza China unaenda lini."

"Waambie siendi popote!"

"Wameshalipa."

Nikarudi kukaa.

"Shilingi ngapi?"