Moteli ya akina Patel na pazia la nyuma ya kaunta

Aliyekulia Afrika Mashariki anaijua picha hii: mbele duka, katikati pazia, na nyuma yake familia nzima inaishi, harufu ya bizari ikipenya hadi kwenye mizani. Katika miji midogo ya Marekani picha hiyo iko motelini, yaani hoteli ndogo ya barabarani. Mbele mapokezi, nyuma jiko na vitanda vya akina Patel, Wahindi kutoka jimbo la Gujarat.

Wengine walitoka kwetu hasa, baada ya Idi Amin kuwapa Wahindi wa Uganda siku 90 za kuondoka mwaka 1972. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka uliofuata, moteli nyingi za barabarani ziliyumba na kuuzwa kwa bei nafuu. Ndugu walikopeshana kwa kuaminiana tu. Mama akatandika vitanda, baba akaziba mabomba, watoto wakakunja taulo. Hapakuwa na mshahara wa kumlipa mtu. Leo chama chao cha wenye hoteli, AAHOA, kilichoundwa 1989, kinasema wanachama wake wanamiliki asilimia 60 ya hoteli za nchi hiyo.

Wanaousifu mpango huo wa kuishi palepale kazini hawakosei. Mhamiaji alipata paa na kazi siku moja, hata kama Kiingereza kilimpiga chenga.

Ila gharama yake hainitoki moyoni. Moteli haifungwi. Kengele ya mapokezi inalia saa nane usiku, na mama huyohuyo anaamka, anajitanda shali, anatoka kutoa ufunguo. Tena dukani jirani huja kila siku, akitaka sukari au kiberiti. Mteja wa moteli ni msafiri, asubuhi hayupo. Familia yaweza kumaliza miaka 20 mjini bila mwenyeji yeyote kupata sababu ya kuingia kwao.

Hapo ndipo lawama ya kwamba Wahindi hujitenga hupata nguvu, nami siikubali nzima. Washindani wao walitundika mabango ya kutangaza kwamba moteli zao zinamilikiwa na Wamarekani, na zipo kampuni za bima zilizowakatalia. Anayefungiwa mlango namna hiyo hubaki nyuma ya pazia lake.

Waliolifungua zaidi ni watoto, kupitia shule. Na wengi wao, wakishasoma, hawataki kuirithi ile kengele. Wazazi wenyewe ndio waliowaombea hivyo, huku wakikunja taulo.