“Acha mawazo, mtoto anasikia”

Mwaka jana nilimsindikiza binamu yangu kliniki. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Tulikaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi, tukawa tunawaona waliokuja na waume wakiingia kabla yetu, kwa kuwa pale anayekuja na mwenza huhudumiwa kwanza. Binamu yangu alishika bahasha. Ndani yake mlikuwa na barua ya mwenyekiti wa mtaa, yenye muhuri, inayoeleza kwamba mume wake hayupo. Safari iliyotangulia alirudishwa kwa sababu hakuwa nayo.

Zamu yetu ilipofika, nesi alimfunga mkanda wa presha, akatazama, akamfunga na mkono wa pili. “Presha imepanda, mama. Una mawazo?” Binamu yangu akainama. Mume alikuwa ameondoka wiki tatu nyuma, kodi ya chumba imeisha, na watu wa mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, walikuwa wanampigia simu tangu alfajiri. Nesi akaandika tarakimu kwenye kadi, kisha akasema, kwa upole kabisa: “Acha mawazo. Mtoto anasikia.”

Binamu yangu hakutamka neno mpaka tulipofika kituo cha daladala. Hapo ndipo akaniuliza, “Kwa hiyo nimeshamharibu?”

Siku ile sikuwa na jibu la maana. Nimelitafuta tangu hapo, na ninachokiona ni kwamba nesi yule alikuwa na ukweli, ila aliukabidhi kwa mtu asiye na uwezo wa kuutumia.

Ukweli wenyewe upo. Mtu akiwa katika hofu au shinikizo kubwa, mwili hutoa kwa wingi homoni iitwayo kotisoli. Mtoto aliye tumboni anaihitaji kwa kiasi, ikiwemo kukomaza mapafu yake, lakini ikizidi inakuwa mzigo. Ndiyo maana kondo la nyuma lina kimeng’enya kinachovunja sehemu kubwa ya kotisoli ya mama kabla haijamfikia mtoto, kama mlinzi wa getini. Watafiti wameona dalili kwamba mama akiwa na wasiwasi mkubwa, mlinzi huyo hulegea.

Huko Bristol, Uingereza, waliandikishwa wajawazito wapatao 14,000 waliotarajia kujifungua kati ya Aprili 1991 na Desemba 1992, na wao na watoto wao wakafuatiliwa kwa miaka mingi. Vivette Glover, Thomas O’Connor na wenzao walikuta kwamba watoto wa wale waliokuwa na wasiwasi mkubwa kuliko wote wakati wa mimba walikuwa na uwezekano wa karibu mara mbili wa kuwa na matatizo ya hisia na tabia wakiwa na miaka minne. Tofauti hiyo ilikuwa bado inaonekana walipofika miaka 13.

Mtu mwenye akili atauliza: je, mama aliyekuwa na wasiwasi wakati wa mimba si ndiye huyohuyo mwenye wasiwasi baada ya kujifungua? Pengine na umaskini wake ni uleule, na mume ni yuleyule. Swali hilo ni zito, na kuna tukio moja lililosaidia kulijibu. Januari 1998 mvua ya barafu iliangusha nyaya za umeme katika jimbo la Quebec, Kanada. Watu zaidi ya milioni tatu walikaa gizani katikati ya baridi kali, wengine kwa zaidi ya mwezi. Barafu haikuchagua matajiri wala maskini, watulivu wala wenye wasiwasi. Suzanne King na wenzake waliwatafuta wanawake waliokuwa wajawazito wakati huo na kuwafuatilia watoto wao. Watoto wa waliopata taabu kubwa zaidi walikuwa na alama za chini kidogo katika vipimo vya akili na lugha.

Lakini kuna jambo la ndani zaidi. Kilichohusiana na alama hizo kwa nguvu zaidi ni taabu yenyewe, yaani siku ambazo mama alikaa bila umeme na hasara aliyoipata, kuliko namna alivyojisikia. Walipochunguza alama za kikemikali zinazokaa juu ya jeni za watoto hao wakiwa na miaka 13, waliona hivyohivyo: zilihusiana na yaliyompata mama, si na huzuni yake. Ukilipima hilo kwa makini, maneno “acha mawazo” yanaanza kupwaya. Mama wa Quebec angeweza kuacha mawazo usiku kucha na nyumba ingebaki baridi vilevile.

Jirani zetu wa Goma wanalijua hilo kwa uchungu zaidi. Mwaka 2012, Connie Mulligan na wenzake walichapisha matokeo ya mama 25 na vichanga vyao katika hospitali moja ya mji huo, wanawake waliopitia vita, na baadhi yao ubakaji. Kadiri mama alivyoteswa zaidi na vita, ndivyo mtoto alivyozaliwa na uzito mdogo, na alama kwenye jeni inayoratibu kotisoli zilitofautiana. Mama 25 ni wachache, na mtu hawezi kujenga sheria juu yao. Hata hivyo, hakuna mwenye utu anayeweza kumsogelea mmoja wao na kumwambia aache mawazo.

Upande wa pili nao una hoja, na wenye kutisha wajawazito huwa wanauruka. Kwanza ile “mara mbili” ya Bristol. Kwa hesabu ya watoto 100 wenye miaka 13, walioonekana kuwa na uwezekano wa tatizo la afya ya akili ni kama 12 kwa mama wenye wasiwasi au sonona kubwa (huzuni nzito isiyokwisha), dhidi ya kama 7 kwa wengine. Tofauti hiyo ni kubwa kwa nchi nzima, na serikali inapaswa kuijali. Lakini kwa mama mmoja aliyesimama kituo cha daladala, maana yake ni kwamba watoto 88 kati ya 100 wa wenye hali kama yake hawakuonyesha tatizo hilo.

Pili kuna urithi. Frances Rice, Anita Thapar na wenzao nchini Uingereza walifanya jambo la busara sana, waliwachunguza watoto waliotungwa mimba maabara. Baadhi yao walitoka katika yai la mama aliyewabeba, wengine katika yai la mwanamke mwingine, kwa hiyo hawakushiriki damu na aliyewazaa. Msongo wa mama ulihusiana na uzito mdogo wa kuzaliwa na ukorofi wa tabia kwa watoto wa aina zote mbili, na hilo linaupa nguvu upande wa nesi. Lakini tatizo la kukosa utulivu na umakini lilihusiana na msongo kwa wale tu waliorithi jeni za mama. Maana yake, tunachokiita athari ya mawazo wakati mwingine ni tabia inayopita kwenye ukoo.

Na huko Baltimore, Janet DiPietro alikuta kwamba kwa wanawake wenye afya na maisha ya kawaida, waliokuwa na msongo wa kiasi walizaa watoto walioendelea vizuri kidogo zaidi kiakili na kimwili wakiwa na miaka miwili. Kazi, foleni, ugomvi mdogo na wifi: hayo si sumu. Ningependa kila mjamzito anayelala macho akijilaumu kwa kulia jana aambiwe hivyo.

Je, mama akisaidiwa, mtoto anafaidika? Jibu la Pakistan linanifanya nisijidai. Atif Rahman na wenzake waliwafundisha wahudumu wa afya wa vijijini, wanawake wasio madaktari, kuwatembelea wajawazito wenye sonona majumbani mwao na kuzungumza nao kwa utaratibu maalumu. Akina mama 903 walishiriki. Miezi sita baada ya kujifungua, waliobaki na sonona walikuwa 23% kwa waliotembelewa hivyo, na 53% kwa wengine. Watoto waliharisha mara chache na walichanjwa zaidi. Lakini walipofuatiliwa wakiwa na miaka saba, hapakuonekana tofauti ya maana katika akili wala hisia zao.

Wapo watakaosema basi haina faida. Mimi naona kinyume. Mwanamke aliyetoka kwenye sonona ni matokeo tosha, hata mtoto asiongeze alama moja darasani. Tukimhudumia mama kwa sababu tu amebeba mtoto, siku takwimu za mtoto zikikataa tutamwacha. Mwongozo wa mpango huo Shirika la Afya Duniani liliuchapisha mwaka 2015, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii tunao hapa Tanzania, wanaojua mlango wa kila mjamzito mtaani kwao.

Na bado mazungumzo hayalipi kodi, wala hayamzuii mwanamume kupiga. Katika mahojiano na wajawazito zaidi ya 1,100 pale hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, zaidi ya robo walisema walifanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na wenza wao katika mimba hiyohiyo, na hao ndio walioonyesha zaidi dalili za sonona na wasiwasi. Mwanamume anayempiga mkewe mjamzito ndiye anayestahili kuambiwa kwamba mtoto anasikia. Mkopeshaji aambiwe. Mwajiri anayemnyima mjamzito kiti aambiwe.

Binamu yangu nilimjibu baadaye, kwa simu. Nilimwambia hajamharibu mtu. Nikamwambia pia presha yake ni jambo la hatari kwa yeye na mtoto, na asikose dawa. Akaniambia tarehe ya kliniki ni Jumanne, ila ile barua ya mtaa imelowa na mvua, muhuri hausomeki, na mwenyekiti kasafiri.